Mataji ya Kentucky Tuyapime kwa Mizani Gani?

Ubishi wa kikapu cha vyuo vya Marekani hauishi vijiweni. Mmoja anasema UCLA ya kocha John Wooden ndiyo baba lao: mataji 10 katika miaka 12, kuanzia 1964 hadi 1975, saba kati ya hayo mfululizo. Mwingine anamkatisha: enzi zile timu zilikuwa 25 hivi, ukishinda mechi nne umeshabeba kombe! Leo timu ni 68, na bingwa anashinda mechi sita. Connecticut, chuo alichosoma Hasheem Thabeet wetu, walibeba 2023 na 2024 mfululizo kwa njia hiyo ngumu.

Sawa, hoja ina uzito. Tena mpaka 1974 kila ligi ilitoa timu moja tu. Mwaka 1971 USC walipoteza mechi mbili msimu mzima, zote kwa UCLA, wakabaki nyumbani wakitazama.

Lakini wadau, mbona tunawabana UCLA peke yao? Kentucky ya Adolph Rupp ilibeba 1948, 1949, 1951 na 1958. Mataji mawili ya kwanza yalishindaniwa na timu nane tu. Nane! Na timu ya Rupp haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Ligi yao nzima, SEC, haikuchezesha mweusi mpaka Perry Wallace wa Vanderbilt alipoingia uwanjani mwaka 1967. Mwaka 1963 vijana wa Mississippi State walilazimika kutoroka jimbo lao kukwepa amri ya mahakama, ili tu wakacheze na Loyola ya Chicago iliyokuwa na weusi wanne katika kikosi cha kwanza.

Hapo ndipo ninaposimama. Ukitaka kulinganisha ubingwa wa enzi mbili, usianze na idadi ya vikombe. Anza kwa kuuliza: nani alifungiwa nje? Ukikimbia mbio ambazo wenye kasi wamezuiwa getini, medali yako ni halali kwa mujibu wa kanuni, lakini usiniambie wewe ndiye mwenye kasi kuliko wote.

Kuna watakaosema "ndivyo mambo yalivyokuwa wakati ule". Kweli? Mwaka 1947 Wooden huyohuyo, akifundisha Indiana State, alikataa mwaliko wa mashindano ya vyuo vidogo kwa sababu mchezaji wake mweusi, Clarence Walker, hakuruhusiwa kucheza. Wakati ulikuwa uleule. Watu ndio walitofautiana.

Na geti lilipofunguliwa tuliona. Mwaka 1950, kwenye mashindano ya NIT, CCNY ya New York yenye weusi na Wayahudi iliitandika Kentucky 89-50. Nyota wakubwa wa Rupp walikuwa wameshahitimu, nakubali, lakini pointi 39 si mchezo. Mwaka 1966 Texas Western ya Don Haskins ilianza fainali na weusi watano, ikamfunga Rupp 72-65. Miaka mitatu baadaye ndipo Kentucky ikamsajili mweusi wake wa kwanza, Tom Payne.

Kwa hiyo mizani yangu ni hii. UCLA nawapa heshima yao, ila njia yao ilikuwa fupi. Connecticut wa 2024 walipita geti lililo wazi kwa kila mtu, wakashinda mechi zote sita kwa tofauti ya pointi zaidi ya 10. Mawili yao ya mfululizo nayaweka juu ya yale manne ya Rupp, bila kusita.

Msiniambie naingiza siasa kwenye michezo. Siasa iliingia siku walipoamua nani asiguse mpira. Kuhesabu vikombe huku tumefumba macho ni kuendelea kulilinda geti lile.

Haya, wa Kentucky mko wapi? Njooni na hoja, matusi acheni nyumbani.