Mwacheni Seth Mahiga apumue

Kila nikiposti kitu kuhusu dini, lazima kuna msee atanitumia ile stori ya Seth Mahiga. Kama hukuisikia: Mahiga alikuwa katibu wa Atheists in Kenya Society, kile chama cha Wakenya wasioamini Mungu. Mei 2021, rais wa chama, Harrison Mumia, alitangaza kwamba katibu wake amejiuzulu kwa sababu amempata Yesu Kristo. Mtandao ukawaka. Mpaka leo stori hiyo inatumwa na maneno mawili tu: "Umeona sasa?"

Nimeona. Na bado nina shida na nyinyi.

Kama Mahiga kuokoka ni ushahidi kwamba Mungu yuko, basi kila kijana aliyetoka kanisani akaacha kuamini ni ushahidi kwamba hayuko. Huwezi kuhesabu magoli ya timu yako pekee. Sensa ya 2019 ilipata Wakenya 755,750 waliosema hawana dini. Mbona hao hamnitumii?

Na nyinyi wenzangu wa kushuku, msicheke. Mahiga alisema alikuwa amepitia magumu maishani, mkadandia hapo hapo: stresi hiyo. Magumu yakimpeleka mtu kwa Mungu, mnasema amechanganyikiwa. Yakimtoa kanisani, mnasema amefunguka macho. Chagueni moja.

Mimi niliacha chuo. Karo ilikosekana, lakini huku nyumbani Butula wengine wanajua zaidi yangu: eti niliacha Mungu kwanza, chuo kikafuata. Halafu mwaka jana tulikuwa kwa matanga ya nyanya, usiku wa kesha. Kama saa tisa hivi, akina mama wanaimba, nikahisi mkono umetua kwa bega langu. Mkono mzito, wenye joto. Nikageuka, hakuna mtu. Na ile hasira niliyotoka nayo chuoni, niliyolala nayo na kuamka nayo, ikashuka. Nikalia kama mtoto.

Shangazi akaniona. "Mwanangu, Yesu amekugusa. Jumapili uje utoe ushuhuda." Beshte yangu naye akacheka: "Buda, hiyo ni usingizi na njaa."

Dakika kumi hazikuisha, kila mmoja alikuwa na jibu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Ni nini kimetokea?"

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mtu aliyeguswa na kitu asichokielewa yuko laini kama udongo wa mvua. Anayemfikia kwanza anamfinyanga atakavyo. Huo ni wakati wa kumpa nafasi na maswali, sio kumkabidhi maiki. Mnajua tulikofika kama nchi: kuanzia 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msitu wa Shakahola, kule Kilifi. Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliotafuta Mungu kwa moyo wote, wakafika mahali ambapo kuuliza kulihesabiwa kuwa dhambi. Kwa hivyo ukiniambia swali ni adui wa imani, nakuonyesha yale makaburi.

Katiba yetu, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Uhuru huo ni wa Mahiga kuingia, wa jirani yako kutoka, na wa mimi kusimama mlangoni nikitazama ndani bila mtu kunivuta shati.

Kwa hivyo, mchungaji, kijana akikuja na machozi, mpe kiti kabla ya jukwaa. Wewe usiyeamini, msikilize mpaka amalize kabla hujamwambia ni homoni. Na wewe uliyehisi kitu usiku fulani ukaogopa kusema, kwa sababu upande mmoja watakuteka na mwingine watakucheka: si lazima ukipe jina leo.

Mkono ule ulikuwa wa nani? Sijui. Na "sijui" ni jibu. Likikukera, uliza swali la pili.