Wimbo wa Matundu ya Vyoo

Kuna imani iliyoota mizizi katika shule zetu za msingi, na walimu, wazazi na viongozi wanaishika kwa pamoja bila kuulizana. Inasema kwamba mtoto akisimama mbele ya mgeni rasmi akaimba shida za shule yake, kila mtu ananufaika: yeye anaonyesha kipaji na kujenga kujiamini, wazazi wanafurahi, na shule inaondoka na saruji. Mimi naikataa imani hiyo yote, pamoja na saruji yake.

Anayedhani nakuza mambo aende kwenye mahafali ya darasa la saba. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, vya mbele vimevalishwa vitambaa. Mshereheshaji anaita kwaya. Wanaingia kwa mistari miwili, wasichana wamejifunga khanga juu ya sketi za bluu, soksi zimevutwa hadi magotini. Ubeti wa kwanza unamkaribisha mgeni rasmi kwa jina na cheo. Wa pili unamsifu kwa mambo ambayo hajayafanya bado. Kuanzia wa tatu ndipo kazi inapoanza: matundu ya vyoo hayatoshi, madawati hayatoshi, ukuta wa shule haupo, nyumba za walimu zimechakaa. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaimba nyumba za walimu! Wazazi nao wanainuka kutunza. Mama mmoja anambandika binti yake noti ya elfu mbili kwenye paji la uso, jasho linaishika kidogo, kisha mwalimu wa zamu anaibandua na kuitia kwenye beseni. Mtoto haachi kuimba. Amefundishwa asiache.

Baada ya kwaya inakuja ngonjera, na shida ni zile zile. Baada ya ngonjera inakuja risala, inasomwa na mwanafunzi mwenye sauti nzuri kisha mgeni rasmi anakabidhiwa ikiwa ndani ya fremu, na shida ni zile zile. Mheshimiwa anasimama, anasifu vipaji, anaahidi mifuko hamsini ya saruji, anaomba radhi kwamba ana ziara nyingine, na msafara unaondoka.

Tuanze na maneno yenyewe. Nani ameyaandika? Binti wa jirani yangu alikuwa mwanakwaya, tena wa sauti ya kwanza. Nilimuuliza, nje ya wimbo, kama kweli vyoo vyao ni vibaya. Akajibu kwamba shida kubwa ni mlango: hauna komeo, kwa hiyo wasichana huenda wawili wawili, mmoja anaingia na mwingine anaushika mlango kwa nje. Komeo linauzwa dukani kwa bei ambayo mgeni rasmi asingeona fahari kuitangaza kwenye kipaza sauti, na ndiyo maana halimo kwenye wimbo. Aliyetunga wimbo alihesabu matundu. Anayekitumia choo alikuwa na jambo lake la kusema, na hakuna aliyemuuliza, ingawa ndiye aliyepewa kipaza sauti.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Kumkaririsha mtoto maombi ya watu wazima hakumo humo, hata yakitiwa ala na manyanga.

Inauma zaidi ukikumbuka ngonjera ilikuwa nini. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, ndiye anayetajwa zaidi kwa kuikuza ngonjera kuwa bahari ya ushairi ya kuigizwa jukwaani, na vitabu vyake vya Ngonjera za Ukuta vilienea mashuleni. Uhai wa ngonjera ni mabishano. Mmoja anatoa hoja, mwenzake anaipinga, wanavutana kwa vina na mizani mpaka mmoja akubali yaishe. Ni kweli kwamba hata enzi hizo ngonjera nyingi zilikuwa zikibeba siasa ya chama na serikali, na mtoto alijua mapema nani angeshinda. Lakini angalau kulikuwa na mpinzani jukwaani. Leo watoto wanne wanasimama upande mmoja wakipokezana orodha ya manunuzi.

Kwaya nayo ni hivyo hivyo. Peleka kwaya hiyo hiyo kwenye mashindano ya UMITASHUMTA, itapimwa kama kwaya: sauti zinaingiliana vipi, nani katoka nje ya ufunguo, mapigo yanashikwa au yanakimbizwa. Irudishe kwenye mahafali, itapimwa kwa mifuko ya saruji. Mwalimu wa muziki aliyehangaika wiki kadhaa kufundisha sauti ya tatu hana mtu wa kumwambia kwamba sauti ya tatu ilisikika vizuri.

Najua jibu ninaloandaliwa. Shule zina shida za kweli, wewe mwandishi unakaa mjini, njoo uone. Sibishi kuhusu shida. Miongozo inataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 400 na wavulana 400 inahitaji basi matundu 36, na zipo shule za idadi hiyo ambazo hazifiki hata nusu yake. Kwa upande wa fedha, elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ilihesabiwa kwa Sh10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na Sh4,000 kati ya hizo zikabakizwa kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 800 ikabaki na Sh4.8 milioni kwa mwaka mzima, yaani Sh400,000 kwa mwezi, za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo na kila kinachovunjika. Mwalimu mkuu anayeendesha shule kwa fedha hizo anastahili heshima. Hata mimi ningetafuta mgeni rasmi.

Lakini hesabu kama hiyo ni ya watu wazima. Ina wenyewe: kamati ya shule, serikali ya kijiji au mtaa, diwani, halmashauri. Kila mmoja ana kikao chake, na ana muhtasari unaopaswa kuonyesha ni lini aliambiwa kuhusu vyoo na alijibu nini. Mtoto anapoimba shida hiyo kwenye mahafali, muhtasari haupo. Diwani anapiga makofi pale pale kwenye kiti cha mbele, anaguswa, anafuta machozi, na hakuna anayemuuliza bajeti ya halmashauri ilipitaje bila choo hicho.

Desturi yenyewe ni ya zamani kuliko elimu bila ada, lakini kwa maoni yangu kuna jambo lililoinenepesha. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, akaagiza anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Nia ilieleweka, maana kuna wazazi walionyanyaswa na watoto waliofukuzwa darasani kwa sababu ya mchango wa mlinzi. Matokeo yake ni kwamba mwalimu mkuu akaogopa kutumbuliwa kwa kumwomba mzazi Sh2,000 kikaoni. Wimbo hautumbuliwi. Ombi lililokatazwa kwenye kinywa cha mtu mzima likahamia kwenye kinywa cha mtoto, ambako linaitwa burudani.

Na je, linaleta hayo maendeleo? Tuangalie pale ambapo mambo makubwa yalitokea. Mwaka 2016 nchi ilipopambana na upungufu wa madawati, Bunge lilibana matumizi yake na kumkabidhi Rais Sh6 bilioni, na wakuu wa mikoa na wilaya wakapewa muda wa kumaliza tatizo, wakahangaika kweli. Mwaka 2021 serikali ilipopata mkopo wa Sh1.3 trilioni kwa ajili ya kukabili athari za UVIKO-19, madarasa 15,000 yalijengwa, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi. Unaweza kuwa na lawama zako juu ya mikopo na juu ya amri za miaka ile, na mimi ninazo. Lakini yale yalikuwa maamuzi ya watu wazima waliokaa na kikokotoo, na kwaya haikuhitajika. Huko vijijini nako, boma la darasa husimama kwa msaragambo: mchanga wanasomba wananchi, matofali wanafyatua wao, ukuta unafika kwenye lenta, ndipo halmashauri inadaiwa mabati ya kupaua. Boma hilo lina daftari la waliofika na wasiofika. Ahadi ya mgeni rasmi haina daftari, na mwalimu mkuu hawezi kumpigia simu mheshimiwa mara ya tatu kumkumbusha saruji.

Sasa nije kwenye safari za shule, maana hapo ndipo ugonjwa huu wa kuimbia shida unapozaa.

Sina ugomvi na safari ya mafunzo. Mtoto akipelekwa Bagamoyo akaona magofu ya Kaole, au Mikumi akaona tembo anavuka barabara, amekwenda kuona. Ninachokisikitikia ni wale wanaoachwa darasani wakinakili mazoezi kwa sababu nauli haikupatikana, lakini hilo lina makala yake. Ninayoikataa ni safari ya huruma, ile ya Jumamosi kwenye kituo cha kulelea watoto yatima. Imekuwa kawaida kabisa, hasa kwa shule za mchepuo wa Kiingereza. Wazazi wanachangishwa sukari, sabuni za miche, mafuta ya kula na unga. Basi linajaa watoto waliovaa fulana mpya zenye nembo ya shule. Kwenye geti bango linakunjuliwa.

Halafu watoto wa kituo wanapangwa mistari, na wanaimba. Ubeti wa kwanza unawakaribisha wageni. Wa pili unawasifu. Wa tatu unataja mahitaji.

Hapo ndipo somo linapokamilika. Mtoto aliyejifunza kwenye mahafali kwamba asiyenacho humwimbia aliyenacho, leo amepandishwa cheo: yeye ndiye mgeni rasmi, ameketi, anaimbiwa na mtoto wa umri wake. Anakabidhi boksi la sabuni, na mpokeaji anaambiwa ashike upande wake wa boksi na kutazama kamera. Picha itatumika kutangazia nafasi za masomo za mwaka ujao. Walimu wanasema safari kama hizi zinafundisha huruma. Kinachofundishwa ni nani akae na nani asimame.

Tena wengi wa watoto wanaolelewa vituoni wanasoma shule za msingi za serikali za mtaa huo huo. Shule ya serikali inapoiga mtindo huu, inajikuta inampelekea sabuni mtoto anayekaa dawati moja na mpelekaji. Ijumaa wamegawana kifutio na kusukumana kwenye foleni ya uji. Jumamosi mmoja anapanga mstari amwimbie mwenzake. Jumatatu wanarudi dawatini, na sijui nani kati yao atakuwa wa kwanza kuangalia pembeni.

Sabuni inahitajika, sikatai, na kituo kinachokataa sukari kesho kitakunywa uji usio na sukari. Basi ipelekwe na wazazi wawili siku ya kazi, msimamizi asaini, yaishe. Watoto wakitaka kukutana wapangiwe mechi, timu zichanganywe, nahodha mmoja atoke kila upande, kamera zibaki kwenye mabegi. Watapigana chenga, watagombana juu ya penalti, watajuana majina. Mtoto aliyefungwa goli na mwenzake hawezi tena kumwona kama kundi la wahitaji.

Wapo watakaosema nataka kuua sherehe. Nataka kinyume chake. Nawataka watoto waimbe zaidi, wacheze sindimba mpaka vumbi litimke, wabishane kwa ngonjera juu ya jambo wanalobishania kweli: simu, viboko, nani anafua sare nyumbani kati ya kaka na dada. Mitaala mipya ina somo la Sanaa na Michezo. Litakufa likiwa changa kama kazi yake itakuwa kuandaa burudani ya kumlainisha mgeni.

Mwenyekiti wa kamati ya shule, msimu wa mahafali unakuja. Risala ya vyoo isome wewe, umesimama, kwa jina lako, na kabla hujataja mnachoomba utaje kamati ilikusanya kiasi gani mwaka huu na kilitumika wapi. Diwani akiwa kiti cha mbele muulize mbele ya wazazi wa kata yake, kwa adabu, bajeti inasemaje. Kwaya waachie watoto wachague wimbo wao. Na kabla ya siku hiyo, nenda nyuma ya madarasa ukaangalie milango ya vyoo vya wasichana, uhesabu isiyo na makomeo, uyanunue.