Mchujo ndio fainali: Hesabu ngumu ya wanawake Homa Bay na Migori kuelekea 2027

KWA mpigakura wa Homa Bay, uchaguzi mkuu wa Agosti aghalabu huwa wa kuthibitisha tu yale yaliyokwisha kuamuliwa miezi minne kabla. Fainali yenyewe ni mchujo wa chama cha ODM, na atokaye pale na cheti mkononi huanza kushona nguo za kuapishwa. Ndiyo maana, huku uchaguzi wa Agosti 10, 2027 ukisubiriwa, swali linalowakosesha usingizi wanawake wanaomezea mate viti katika kaunti hiyo na jirani yake Migori si nani atashinda Agosti, bali nani atavuka mchujo, na kwa hisani ya nani.

Swali hilo sasa lina uzito mpya. Kwa takriban miongo miwili, mkono uliokuwa ukiamua mivutano ya tiketi katika eneo hilo ulikuwa wa Raila Odinga, aliyefariki dunia nchini India Oktoba 15, 2025. Hakuwa mwamuzi asiye na upande, wala hakujidai kuwa hivyo, lakini neno lake lilikuwa la mwisho. Mwanamke aliyepanda ngazi ya juu zaidi ya utawala katika eneo hilo alipanda kwa kusaidiwa na neno hilo.

Homa Bay na Migori ni kama watoto pacha. Zote zilichongwa kutoka wilaya ya zamani ya South Nyanza. Kila moja ina maeneobunge manane na wadi 40. Zote huhesabiwa kuwa ngome ya ODM, ingawa Migori, kama itakavyoonekana, ni ngome yenye nyufa. Lakini mtu akitazama orodha ya wanawake waliochaguliwa tangu ugatuzi uanze, hawezi kuamini kwamba anasoma habari za majirani.

Mwaka 2013 kaunti hizo zilianza zikiwa sawa. Kiti kipya cha mwakilishi wa wanawake, ambacho ni wanawake peke yao wanaokiwania, kilitwaliwa Homa Bay na Gladys Wanga na Migori na Dennitah Ghati. Wote wawili walikuwa wageni bungeni. Ghati, anayetoka jamii ya Wakuria na ambaye hutumia kiti cha magurudumu, aliingia akiwa na sauti ambayo haikuwa imesikika sana katika bunge la Kenya.

Kiti hicho hubezwa na wengi. Wapo wanaokiona kama kiti cha kugawa mahema, viti vya plastiki na mizinga ya nyuki kwa vikundi vya akina mama. Dharau hiyo husahau jambo moja la kihesabu: mwakilishi wa wanawake huchaguliwa na wapigakura wale wale wanaomchagua gavana na seneta. Anayekishinda amekwisha kupimwa na kaunti nzima, jambo ambalo mbunge wa eneobunge, hata awe kigogo wa namna gani, hajawahi kulifanya. Akikitumia vyema, kiti hicho ni ngazi. Akikipoteza mapema, hubakia jina tu katika kumbukumbu za bunge.

Wanga alikitumia. Alirejeshwa bungeni 2017, akaongoza kamati ya bunge ya fedha, na kufikia 2022 alikuwa na mtandao wa miaka tisa katika maeneobunge yote manane. Huko Migori, 2017 kiti kilichukuliwa na Dkt Pamela Odhiambo. Ghati alirudi bungeni, lakini kwa njia ya uteuzi wa chama, kuwakilisha watu wenye ulemavu. Mwaka 2022 kiti kikabadilisha mwenyewe tena, mara hii kikienda kwa Fatuma Mohammed, aliyewania bila chama.

Chaguzi tatu, wanawake watatu. Hakuna hata mmoja aliyepata muhula wa pili wa kukijenga kiti hicho hadi kikawa daraja la kufikia ugavana au useneta. Hapa ndipo nafasi ya kwanza ilipopotea Migori. Haikupotea kwa kukosa wanawake hodari, maana watatu hao walishinda kinyang'anyiro cha kaunti nzima. Ilipotea kwa kuwa kila baada ya miaka mitano hodari mmoja alimwondoa mwingine katika uwanja ule ule mdogo, ilhali viti vingine vikigawanwa na wanaume bila bughudha.

Maeneobunge yanaonyesha tofauti hiyo kwa ukali zaidi. Katika chaguzi kuu za 2013, 2017 na 2022, maeneobunge manane ya Migori, kuanzia Rongo na Awendo hadi Nyatike na Kuria, hayakumchagua mwanamke hata mmoja kuwa mbunge. Homa Bay ilianza na mmoja 2013, Millie Odhiambo wa Mbita, eneo ambalo sasa huitwa Suba North. Mwaka 2017 waliongezeka Dkt Lilian Gogo wa Rangwe na Eve Obara wa Kabondo Kasipul, aliyekuwa mkurugenzi wa shirika la uchapishaji la Kenya Literature Bureau. Wote watatu walichaguliwa tena 2022. Wanawake watatu kati ya wabunge wanane si idadi ya kupuuzwa katika nchi ambayo wanawake waliochaguliwa katika maeneobunge 290 walikuwa 16 mwaka 2013 na 23 mwaka 2017.

Wapo watakaosema Homa Bay ilikuwa na mwalimu. Phoebe Asiyo, aliyefariki Julai 2025 akiwa na umri wa miaka 92, alikuwa mbunge wa Karachuonyo mapema katika miaka ya 1980 na tena kati ya 1992 na 1997. Mwaka huo wa 1997 aliwasilisha bungeni hoja ya kuwatengea wanawake nafasi katika siasa. Wabunge waliiangusha, na kiti chenyewe kikaenda kwa Adhu Awiti katika uchaguzi uliofuata. Hata hivyo, mpigakura wa Karachuonyo alikuwa amekwisha kuzoea kumwona mwanamke jukwaani akiomba kura za wote, si za wanawake pekee. Mazoea ya namna hiyo hayapimwi kwa takwimu, lakini yana nguvu yake.

Hata hivyo, historia peke yake haitoshi kueleza ushindi wa 2022. Kinyang'anyiro cha ugavana cha mwaka huo kilikuwa na vigogo wa kutosha kumzamisha yeyote. Alikuwepo John Mbadi, mwenyekiti wa kitaifa wa ODM wakati huo. Alikuwepo Oyugi Magwanga, aliyekuwa mpinzani mkuu wa gavana Cyprian Awiti katika uchaguzi wa 2017 na aliyempeleka mahakamani hadi Mahakama ya Juu. Na alikuwepo Dkt Evans Kidero, gavana wa kwanza wa Nairobi, mwenye jina na uwezo.

Lau mchujo ungeachwa mikononi mwa wanachama, ni vigumu kusema nani angetoka na cheti. Haukuachwa. Wawaniaji waliketishwa, wakasihiwa, wakashinikizwa. Mbadi aliondoka ulingoni na baadaye akateuliwa bungeni. Magwanga alikubali kuwa mgombea mwenza wa Wanga. Kidero alikataa na kuwania bila chama. Agosti 9, 2022, Wanga alipata kura 244,559 dhidi ya 154,182 za Kidero, akawa gavana wa kwanza mwanamke wa Homa Bay na mmoja wa wanawake saba waliochaguliwa magavana mwaka huo, kutoka watatu mwaka 2017 na hakuna hata mmoja 2013.

Yeyote asomaye hesabu hiyo kwa makini ataona mambo mawili. La kwanza ni kwamba tofauti ya kura zaidi ya 90,000 si zawadi ya mtu; hiyo ni kazi ya mgombea aliyekwisha kuzunguka kaunti mara mbili. La pili ni kwamba mechi ya kuamua ilichezwa mezani, si kituoni, na aliyepanga meza ile hayupo tena.

Mchujo unaoachwa kwa wanachama nao si malaika. Millie Odhiambo anaujua kwa uchungu. Katika msimu wa mchujo wa 2017 nyumba yake iliteketezwa na mlinzi wake akapoteza maisha. Alisimama, akashinda, na Agosti 2024 akawa kiranja wa wachache katika Bunge la Taifa. Lakini ni wanawake wangapi, wakitazama majivu yale, waliamua kwamba kiti cha ubunge hakistahili gharama hiyo? Hao hawahesabiwi na tume yoyote, kwa sababu majina yao hayafiki kwenye karatasi ya kura.

Uchaguzi mdogo wa Kasipul wa Novemba 27, 2025 haukuleta matumaini kwamba mambo yamebadilika. Kiti kilikuwa wazi baada ya mbunge Ong'ondo Were kuuawa kwa kupigwa risasi jijini Nairobi Aprili 30 mwaka huo. Kampeni ziligubikwa na ghasia zilizosababisha vifo, na mvutano mkuu ulikuwa kati ya wanaume wawili, Boyd Were wa ODM, mwana wa marehemu, aliyeibuka mshindi, na Philip Aroko aliyewania bila chama. Kasipul inapakana na Kabondo Kasipul ya Eve Obara. Zamani zilikuwa eneobunge moja. Hata hivyo, upande mmoja wa mpaka mwanamke ameshinda mara mbili, na upande wa pili siasa ilirudi kuwa uwanja wa vijana wenye marungu.

Tukirejea Migori, kuna kikwazo kingine ambacho Homa Bay haina kwa kiasi hicho. Kaunti hiyo ina Waluo walio wengi na Wakuria walio wachache lakini wenye maeneobunge mawili. Kila chama kikipanga safu yake lazima kipime mizani ya jamii. Nafasi ya naibu gavana imekuwa ya Wakuria tangu mwanzo: Nelson Mahanga Mwita chini ya Okoth Obado, kisha Dkt Joseph Gimunta Mahiri chini ya Ochilo Ayacko. Kwingineko nchini, unaibu ni mlango ambao baadhi ya wanawake wameupitia. Fatuma Achani wa Kwale alikuwa naibu kwa mihula miwili kabla ya kuwa gavana 2022. Huko Migori mlango huo umekwisha kutumika kutuliza hesabu za ukabila, na aliyepewa ufunguo amekuwa mwanamume kila mara. Hakuna sheria inayosema Mkuria wa kuteuliwa lazima awe mwanamume.

Lakini Migori hiyo hiyo ina jambo moja linalopaswa kuwafanya wanawake wake wakae macho. Mpigakura wake haogopi kuikataa tiketi ya ODM. Mwaka 2013 Obado alinyakua ugavana kwa tiketi ya chama kidogo cha PDP, akimbwaga mgombea wa ODM katika kilele cha umaarufu wa Odinga. Mwaka 2022 Fatuma Mohammed alifanya vivyo hivyo bila chama chochote. Na maeneobunge ya Kuria yamekuwa yakienda njia yake kwa muda mrefu. Kwa maneno mengine, Migori mchujo si lazima uwe fainali. Ajabu ni kwamba nafasi hiyo haijamfikisha mwanamke hata mmoja kwenye kiti cha ubunge wa eneobunge, mahali ambapo kura zinazohitajika ni chache kuliko za kaunti nzima.

Wengine waliweka matumaini yao kwenye sheria. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 81, inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa. Bunge limeshindwa mara kadhaa kupitisha sheria ya kutekeleza kifungu hicho. Februari 2019 mswada ulikwama kwa sababu waliokuwa ukumbini walikuwa 174, ilhali zilihitajika kura 233. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri rais avunje bunge kwa kosa hilo, na bunge likaendelea na shughuli zake kana kwamba barua ile iliandikwa kwa nchi nyingine. Anayengoja mswada huo ndipo aanze kampeni huko Uriri au Ndhiwa atangoja sana.

Kinachobaki ni hesabu za chama chenyewe. Mbadi alipoteuliwa Waziri wa Fedha Agosti 2024, uenyekiti wa kitaifa wa ODM ulimwendea Wanga. Baada ya kifo cha Odinga, uongozi wa chama ulishikwa na kaka yake, Seneta Oburu Oginga wa Siaya, huku wanachama wakivutana kuhusu ushirikiano na serikali ya Rais William Ruto uliotiwa saini Machi 2025. Katika hali hiyo, gavana wa Homa Bay si mtu wa kungoja kupangiwa meza. Yeye ni miongoni mwa wanaoipanga. Iwapo atatumia kiti hicho kudai kanuni za mchujo zilizoandikwa na kulindwa, au atatumia njia ile ile ya tiketi za mezani iliyomfaa yeye, ni jambo litakaloamua mustakabali wa wanawake wengi zaidi ya yeye mwenyewe.

Njia hizo mbili hazifanani. Tiketi ya mezani humsaidia mwanamke mmoja anayejulikana na wakubwa. Mchujo salama, wenye sajili safi na polisi wasioegemea upande, humsaidia yule asiyejulikana Nairobi lakini anajulikana Oyugis, Isebania au Muhuru Bay. Ya kwanza ni ya haraka. Ya pili inahitaji fedha na nia, na hadi sasa chama hakijaonyesha wingi wa mojawapo.

Kwa anayefikiria njia ya Fatuma Mohammed, kalenda nayo haina huruma. Kifungu cha 85 cha katiba kinamtaka mgombea huru awe nje ya chama kwa muda usiopungua miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa Agosti 10, 2027, hiyo inamaanisha kujiondoa kufikia Mei 10. Ikiwa mchujo utafanywa Aprili kama ulivyofanywa 2022, mwanamke wa Nyatike au Suna West atakayenyimwa cheti atakuwa na wiki chache tu za kukata rufaa, kukubali yaishe, au kurudisha kadi ya chama na kuanza upya kutafuta sahihi za wafuasi.