Majeruhi Akirudi Nyumbani: Tumuuguze Bila Kumpokonya Uwezo Wake



Msiba wa kuumia vibaya una sehemu mbili. Ya kwanza inajulikana na kila mtu: ajali, hospitali, michango ya ndugu na majirani, dua baada ya sala, na hatimaye siku ya furaha ambapo mgonjwa anaruhusiwa. Ya pili huanza siku hiyo hiyo, pale gari linapomshusha mlangoni, nayo aghalabu ni ndefu kuliko ya kwanza. Wageni hupungua, michango hukoma, na nyumba hubaki na mtu ambaye jana alikuwa akiilisha na leo hawezi kugeuka kitandani pasi na msaada. Wiki hii tunapenda kuizungumzia sehemu hiyo ya pili, na hasa jambo moja ndani yake: namna mapenzi ya jamaa yanavyoweza, bila ya kukusudia, kumchelewesha majeruhi kurejea katika kujitegemea, na wakati mwingine kumzuia kabisa.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Kujitegemea kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo, aliyekatwa mguu au aliyevunjika nyonga si lazima kuwe kutembea. Yapo majeraha ambayo, kwa kadari ya Mwenyezi Mungu, hayarudishi miguu kama ilivyokuwa. Kujitegemea ni kuoga mwenyewe, kuvaa kanzu mwenyewe, kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, kwenda haja kwa faragha, kutawadha, kushika fedha yake na kutoa neno katika mambo ya nyumba yake. Mtu anaweza kukosa nguvu za miguu akawa na yote hayo. Mwingine anaweza kuwa na nusu ya nguvu zake akayakosa yote, kwa sababu kila anaponyoosha mkono, mkono wa mwingine umekwisha kutangulia.

Elimu ya kuwarejesha majeruhi katika maisha, ambayo madaktari wetu huiita utengamao, haina umri mrefu. Hadi kufikia Vita vya Pili vya Dunia, mtu aliyevunjika uti wa mgongo, hata katika nchi za Ulaya, alihesabiwa kuwa ni wa kufa. Wengi hawakuuawa na jeraha lenyewe, bali na vidonda vya kulala na maradhi ya njia ya mkojo. Mwezi Februari 1944, daktari Ludwig Guttmann, aliyekuwa amekimbilia Uingereza kutoka Ujerumani ya Hitler, alifungua wodi ya majeruhi wa aina hiyo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Akaagiza wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na vidonda vikapungua. Wala hakuishia hapo. Alikataa wagonjwa wake walale tu wakisubiri. Aliwapa kazi za mikono na akawafundisha michezo. Tarehe 29 Julai 1948, majeruhi 16 wa vita, wanaume na wanawake, walishindana kulenga shabaha kwa mishale wakiwa juu ya viti vya magurudumu. Mashindano hayo madogo ndiyo yaliyokuwa chimbuko la michezo ya Paralimpiki, ambayo ya kwanza ilifanyika Roma mwaka 1960.

Somo lililomo humo linafaa kila nyumba. Kumgeuza mgonjwa, kumsafisha na kumlisha ni nusu ya uuguzi. Nusu ya pili ni kumrudishia kazi zake, moja baada ya nyingine, kadiri mwili wake unavyoweza kuzipokea. Msuli usiotumika husinyaa, kiungo kisichonyooshwa hukakamaa, na moyo usioulizwa neno hunyamaza.

Katika mtaa wetu yupo mkwezi mmoja aliyeanguka kutoka juu ya mnazi na kuumia pingili za kiuno. Tulipokwenda kumtazama kwa niaba ya kamati ya msikiti, miezi mitatu baada ya kutoka hospitali, tuliikuta nyumba yenye huruma kubwa. Mkewe alikuwa akimlisha kwa kijiko, ingawa mikono yake haikuwa na dosari yoyote. Mdogo wake ndiye aliyeshika simu yake na namba ya siri ya fedha. Binti yake mkubwa alikuwa ameposwa. Wajumbe wa posa walipokelewa uani na baba mdogo, mahari ikajadiliwa, nao wakaondoka. Mgonjwa hakulalamika juu ya mgongo wake wala juu ya maumivu. Alituambia neno moja tu: "Binti yangu ameposwa, nami nimesikia kupitia dirishani."

Hakuna aliyemdharau mtu huyu. Wote walimpenda, na walikuwa na maneno yaliyopangwa vizuri: asichoshwe, asisumbuliwe, akipona atayashika mambo yake. Hilo la "akipona" ndilo linalozifunga nyumba nyingi. Maisha yote huwekwa kando yakisubiri siku ya kutembea, nayo siku hiyo huenda isiwepo. Tena walisahau kwamba sheria yetu imeweka masharti ya walii wa ndoa, na miguu si miongoni mwa masharti hayo. Madhali mtu ana akili yake na sifa nyingine zinazotakiwa, uwalii ni wake, awe amesimama au amelala.

Kamati ikaafikiana kulipa nauli ya bajaji ili apelekwe kliniki ya fiziotherapia mara mbili kwa wiki. Huko mtaalamu alimwomba mke akae pembeni, akamtaka mgonjwa ajiinue kwa mikono yake mwenyewe. Mikono hiyo ilikuwa imekwea minazi kwa miaka mingi. Nguvu ilikuwamo, ila hakuna aliyekuwa ameidai. Akafundishwa kuhama kutoka kitandani hadi kitini juu ya ubao laini uliolazwa katikati. Akafundishwa kuunyanyua mwili au kuinama upande mmoja mara kwa mara awapo kitini, ili makalio yasifanye vidonda. Shati alilokuwa akivalishwa kwa dakika moja lilimchukua robo saa. Mkewe alitusimulia kwamba robo saa hiyo ya kukaa akitazama ilikuwa nzito kwake kuliko kumwosha na kumlisha siku nzima. Hata hivyo alivumilia, na robo saa ikawa dakika kumi, kisha tano. Ilipofika siku ya nikaha, mkwezi huyo alimwozesha binti yake kwa ulimi wake mwenyewe, naye yuko kwenye kiti chake, mbele ya jamaa wote.

Lipo jambo lingine ambalo wengi hulionea haya kulitaja, nalo ni sitara. Mtu mzima anayeoshwa na kubadilishwa nguo na watu wengine hupoteza kitu ambacho Uislamu umekipa uzito mkubwa. Pale msaada unapokuwa hauna budi, wanandoa ndio wanaostahiki zaidi kusaidiana, na anayesaidia afunike kila kisichohitaji kuonekana. Lakini sitara iliyo bora ni ile ya mtu kujisitiri mwenyewe. Kwa hiyo, kumwekea majeruhi ndoo mahali anapoifikia, kumfungia chuma cha kushika ukutani bafuni, au kumtengenezea kiti cha chooni ni kumrudishia heshima yake.

Vivyo hivyo katika ibada. Tumekutana na majeruhi walioacha kusali kwa kudhani kwamba mpira wa mkojo, au mkojo usiozuilika, umewafungia mlango. Sivyo. Imran bin Husayn (r.a.), alipokuwa na maradhi, alielekezwa na Mtume (s.a.w.) asali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, na asipoweza, kwa ubavu. Na wanachuoni wameeleza hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu: hujisafisha, hujikinga kadiri awezavyo, hutawadha wakati wa sala unapoingia, kisha husali, na kinachomtoka baada ya hapo bila hiari yake hakimzuii. Mwenye plasta au bendeji naye ana hukumu zake za kupaka maji juu yake na za kutayamamu. Familia imwite mwenye elimu akae na mgonjwa na kumfundisha mlango huu, maana kusali kwa wakati wake bila ya kukumbushwa na mtu ni katika kujitegemea kulikotangulia kwingine kote.

Sira nayo inatupa mfano ulio wazi. Amr bin al-Jamuh (r.a.) alikuwa kiwete, naye alikuwa na wana wanne vijana wenye nguvu. Lilipofika jambo la Uhud, wanawe walitaka kumzuia kwa kuwa Mwenyezi Mungu amempa udhuru. Mzee akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kuwashitaki. Mtume alimthibitishia kwamba kweli ana udhuru na hawajibiki. Kisha akawaelekeza wanawe wasimzuie. Akatoka, akafa shahidi. Tuzingatie kwamba udhuru ulikuwa ni wake, autumie akitaka. Haukuwa amri mikononi mwa wanawe ya kumweka ndani.

Pamoja na hayo, hatusemi kwamba majeruhi aachwe ajihangaikie. Kumtelekeza ni dhulma, na haraka nayo ina hatari zake. Aliyepoteza hisia za miguu anaweza kuungua kwa maji ya moto au kwa jiko la mkaa asijue. Basi maji yapimwe kwa mkono wenye hisia na jiko liwe mbali. Ngozi ya makalio, visigino na mgongo ikaguliwe kila siku, na wekundu usioondoka usidharauliwe. Homa pamoja na mkojo mchafu ni sababu ya kurudi hospitali bila kungoja. Na zoezi jipya lianze kwa idhini ya mtaalamu, si kwa ushauri wa jirani.

Ndani ya mipaka hiyo, tunapendekeza kila familia iandike orodha ya kazi zote anazofanyiwa mgonjwa kwa siku, kuanzia kupiga mswaki hadi kulala. Wamsomee, kisha wamuulize yeye mwenyewe angependa kuirudisha ipi kwanza. Waichague moja, wampe muda, wasimalizie kwa niaba yake. Ikishika, waendelee na nyingine. Simu na fedha zake arudishiwe siku ya kwanza, maana hizo hazihitaji miguu. Karo za watoto, posa, mavuno na ukarabati wa nyumba apelekewe kitandani kama alivyokuwa akipelekewa barazani. Na yule anayemuuguza apewe siku ya kupumzika, kwani mtu aliyechoka huona ni wepesi kufanya mwenyewe kuliko kungoja.

Sisi wa kamati za misikiti nasi tuna fungu letu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike, lakini misikiti mingi bado ina ngazi mlangoni. Wetu una tatu, kila moja ya sentimita 15, jumla sentimita 45. Kanuni inayotumiwa sana na mafundi ni kwamba kila sentimita moja ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo mteremko wetu unahitaji mita 5 na sentimita 40. Ni mifuko kadhaa ya saruji na kazi ya siku chache. Mlango uwe na upana wa sentimita 90 hivi, bomba moja la udhu liwe kwenye kimo cha mtu aliyekaa, na pawepo mahali pa kuoshea magurudumu kabla ya kuingia. Anayebebwa na vijana wanne kila Ijumaa atakuja Ijumaa mbili, kisha ataona haya. Anayeingia kwa mikono yake atakuja na alfajiri.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie tuwe ni wenye kuwasaidia ndugu zetu wainuke, kila mmoja kwa kadiri aliyojaaliwa. Aamin.