Takawiri hadi Vanga: mpaka wa majini bila haki ya mvuvi haujakamilika

Mtu wa Pwani akishuka Takawiri, kisiwa kidogo kilicho kati ya Rusinga na Mfangano katika kaunti ya Homa Bay, hajioni mgeni sana. Kuna mchanga mweupe, mashua zimevutwa ufuoni, nyavu zimeanikwa na wanawake wanasubiri samaki. Tofauti ni kwamba maji hayana chumvi. Na tofauti nyingine ni kwamba mvuvi wa Takawiri akienda magharibi kumfuata mbuta, yaani sangara, hachukui muda kabla ya kufika kwenye maji ya nchi nyingine.

Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Uganda ina kama asilimia 43 na Tanzania asilimia 51. Wavuvi wa Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori wote wanabanana katika kipande hicho kidogo, na sangara mkubwa hupenda maji ya mbali. Ndiyo maana kila mara tunasikia wavuvi wa Kenya wamekamatwa, injini na nyavu zimechukuliwa, na familia zinachangishana pesa za kuwatoa.

Habari zikifika huku Pwani, hufika kwa jina moja: Migingo. Mwamba huo ulio upande wa Migori una ukubwa wa nusu eka hivi, na umejaa mabati kutoka ukingo hadi ukingo. Polisi wa Uganda walipoweka kituo hapo mwaka 2004 na bendera yao ikapandishwa, wanasiasa wetu walipiga kelele kuhusu ardhi ya Kenya. Lakini tuangalie ramani inasema nini.

Mpaka huo uliandikwa na Waingereza mwaka 1926. Unaanzia kusini kwenye latitudo ya digrii 1, unapita ncha ya magharibi ya kisiwa cha Pyramid, kisha Ilemba, kisha Kiringiti, kisha Mageta, halafu unaelekea mdomo wa Mto Sio. Ilemba na Kiringiti ndizo Remba na Ringiti tunazozijua leo. Maelezo hayo hayo yamo katika Katiba ya Uganda ya mwaka 1995. Migingo haikutajwa kwa jina, lakini iko jirani na Pyramid, na wapimaji walipotoa matokeo Julai 2009 walikuta iko mita 510 ndani ya Kenya. Hata kabla ya hapo, Mei mwaka huo, Rais Museveni alikiri kwamba kisiwa ni cha Kenya, akaongeza kwamba maji ni ya Uganda.

Kauli hiyo ilitukasirisha, lakini ndiyo iliyogusa kiini cha jambo. Ugomvi haukuwa juu ya mwamba. Hakuna anayelima Migingo. Ugomvi ni nani ana ruhusa ya kutupa wavu mita mia tano na kitu magharibi ya mwamba huo. Kwa swali hilo, mstari wa 1926 ukisomwa kama ulivyo unamkataa mvuvi wa Kenya. Kushinda Migingo hakumpi samaki hata mmoja wa upande wa pili.

Hapa ndipo sisi wa Pwani tuna la kusema, kwa sababu tumewahi kupata kilicho bora zaidi. Kenya na Tanzania zilipokubaliana mpaka wa bahari kwa barua za mwaka 1975 na 1976, hazikuchora mstari peke yake kutoka Ras Jimbo kupita karibu na Pemba. Ziliandika pia kwamba wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili, wanaovua kwa ajili ya kujikimu, waruhusiwe kuvua hadi maili 12 za baharini kila upande wa mpaka, kwa kufuata kanuni zilizopo. Waliokaa mezani walijua kwamba mtu wa Vanga na mtu wa Pemba walikuwa wakifuata samaki wale wale kabla ya serikali zao kuzaliwa.

Sisemi wavuvi wa Vanga na Shimoni hawasumbuliwi. Lakini wakisumbuliwa, wana kifungu cha kukishika. Mwenzao wa Takawiri hana.

Wala mwenzetu wa Kiunga hana. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa uamuzi wa kesi ya Somalia na Kenya tarehe 12 Oktoba 2021, iliukataa mstari ambao Kenya iliudai tangu 1979 na ikachora mwingine. Kenya ikasema haiutambui. Mjadala wote ukawa mafuta na gesi. Mvuvi mdogo hakuzungumziwa sana.

Uganda nayo ina hoja. Samaki wamepungua, na nyavu haramu zimechangia. Tangu mwaka 2017 imetumia jeshi kulinda uvuvi wake, na jeshi hilo limewabana hata wavuvi wa Uganda wenyewe. Kwa hiyo haiwezekani kudai kila boti ya Kenya iingie itakavyo. Ruhusa lazima iwe na masharti: leseni inayotambuliwa pande zote, nyavu za kipimo, umbali uliowekwa, na atakayevunja kanuni apelekwe mahakamani badala ya kunyang'anywa injini katikati ya maji.

Chombo cha kufanya hivyo kipo. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria liliundwa na nchi hizi tatu mwaka 1994 na makao yake yako Jinja. Wazee wa Wasuba, wenyeji wa Mfangano na Takawiri, husimulia kwamba mababu zao walitoka upande wa Uganda kwa mitumbwi. Kwao mpaka huu ni mgeni, kama ulivyo kwa Wapemba wa Kilifi na Kwale, ambao Kenya ilikuja kuwatambua kuwa raia wake mwaka 2023 tu.

Wabunge wa Homa Bay na Migori wakienda Nairobi tena kudai Migingo, waongeze dai moja. Waombe kifungu kama kile cha 1976. Na wabunge wetu wa Lamu wawaunge mkono, kwa sababu watakihitaji wao pia.