Vyuma Vikuukuu Visiuzwe kwa Kilo



Siku hizi mwenye mizani ya chuma chakavu akipita Wingwi, watu humtolea kila kilicho na kutu: panga lililolika, jembe lisilo mpini, hata tezo ya marehemu babu. Jambo hili silipendi. Wachache wameanza kuziweka zana hizi, nao wamefanya vyema, ila naona wanachagua visivyo.

Wao hutafuta jembe la mamba, la Chillington ya Wolverhampton, Uingereza. Lile la UFI, kiwanda cha Ubungo cha miaka ya 1970, hawalitazami sana. Lisilo na chapa ndiyo kabisa, hutupwa. Kumbe la mamba limepigwa chapa kwenye chuma, mwenyewe anajulikana. Lakini mundu uliofuliwa hapa kwa springi ya gari, au keekee ya fundi wa majahazi, aliyeutengeneza hakuandikwa popote. Tazameni shingo ya mundu: mapigo ya nyundo yanaonekana, na kila mhunzi ana mkono wake. Wazee huujua bila kuambiwa.

Basi mwenye chombo kama hicho akilete afisini tuandike nani alikifua na kilifanya kazi gani. Chombo kitabaki chake. Tafadhali asikipige msasa wala kukitia mpini mpya. Kitambaa chenye mafuta kinatosha. Na aje mapema, kwani karafuu zikishaiva hapana atakayepata nafasi ya kukaa na wazee kuwauliza.

Katibu