Msiuze Riale ya Ayeeyo kwa Mizani

Wasee wa Diff, kabla mpeleke ile fedha ya ayeeyo kwa sonara, someni hii kwanza.

Ile sarafu kubwa yenye mama aliyejitanda mtandio, na nyuma tai wa vichwa viwili, ni riale ya Maria Theresa. Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki. Lakini Vienna waliendelea kuzipiga chapa, Rome wakaanza 1935 wakijiandaa kuvamia Ethiopia, London wakafuata 1936. Mwaka haukuguswa, maana watu walishaiamini sura ile ile.

Sasa yako imetoka wapi? Hesabu lulu za bruchi iliyo begani. Angalia manyoya ya mkia wa tai. Kila muhuri uliacha alama yake.

Sonara hana haja na hayo. Anapima gramu 28, imeisha.

Mkufu wa ayeeyo wetu, riale tano, uliuzwa hivyo ndio nilipiwe karo. Chuo chenyewe nikakiacha. Hata picha hatukupiga, so sitawahi kujua zilitoka wapi. Hiyo inaniuma kuliko digrii.

Ukame ukikubana, uza, hakuna wa kukulaumu. Lakini piga picha pande zote mbili, na umuulize ayeeyo alipewa na nani. Muulize leo.